Atakuwa mkali? Jibu langu kwa wanaokuja kuniomba watoto wa mbwa

Watu wanaofika kwangu Pongwe, hapa Tanga, kuomba mtoto wa mbwa hupiga hodi vizuri, tukasalimiana, tukaulizana habari za ng'ombe na za mvua, na wakishakaa kwenye mkeka swali huwa lile lile: "Atakuwa mkali huyu?" Hawaulizi kama amepewa dawa ya minyoo. Hawaulizi mama yake ni yupi kati ya wale waliolala kivulini. Wanataka mkali. Mwingine huongeza kwamba ameshajenga banda la mabati, atamfungia humo mchana kutwa asione mtu, na kwenye ugali atamchanganyia pilipili, ili usiku akifunguliwa awe moto.

Anayesema hivyo simpi mbwa. Na kwa kuwa kwenye simu maelezo hayaishi, na wengine huondoka wamenuna wakidhani nawabania, leo nayaandika yote hapa.

Mie nafuga ng'ombe wa maziwa. Mbwa nimewaweka kwa ajili ya zizi, maana usiku kuna watu wenye mikono mirefu, na kuna nguchiro wanaomaliza vifaranga. Ni Muislamu, na najua wengi mnaosoma mna swali juu ya hilo, basi nalijibu kabisa. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ametajwa kwenye hadithi na akaruhusiwa. Mate yake, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu pwani ndiyo tunayofuata, ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Yote mawili nayafuata bila taabu. Nina gauni na kanga za bandani ambazo haziingii ndani ya nyumba. Bakuli zao hazichangamani na vyombo vya jikoni, na udongo safi upo kwenye kopo pembeni ya bomba. Tena hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akapanda nacho amekiuma kwa meno ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake, nimeisikia tangu nikiwa chuoni mtoto mdogo. Kumtendea mbwa wema na kujihadhari na mate yake ni mambo yanayokaa nyumba moja.

Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililonionyesha mbwa wa huku kwetu anatakiwa aweje. Jirani anayekwenda msikitini na udhu wake ana haki ya kupita mbele ya geti langu asiguswe. Mbwa akimrukia kwa furaha akamlamba mkono, mzee wa watu inabidi arudi nyumbani kuosha, na swala ya jamaa imeshampita. Mtoto aliyeambiwa tangu akiwa mgongoni kwamba mbwa anauma, akimwona tu anatimua mbio, na mbwa naye anaona mchezo, anamfuata. Bodaboda inapita, mbwa anakimbilia gurudumu, mtu anaanguka na abiria wake. Katika visa vyote hivyo hakuna mbwa mkali hata mmoja. Kuna mbwa ambaye hakufundishwa kutulia.

Kwa hiyo ninapowazoesha watoto wa mbwa watu, siwafundishi kumpenda kila mtu. Nawafundisha kumwona mtu, kumtambua kuwa ni mtu tu anayepita, na kuendelea kukaa. Ulinzi unakuja wenyewe mbwa akikomaa. Aliyezoea wauza mkaa, wanafunzi, mafundi na mlio wa pikipiki za jioni, akisikia hatua za mtu anayenyata nyuma ya zizi saa nane usiku anajua hizi si za kila siku, na atabweka kwa sauti ambayo mwenye nyumba ataitambua. Yule aliyefungiwa bandani hubwekea jani la mwembe, hubwekea mwezi, hubwekea paka. Baada ya muda mwenye nyumba anaizoea kelele, anajigeuza upande wa pili na kulala. Hapo una mlinzi gani?

Sasa suala la wakati, na hapa naomba msome polepole. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi, na masikio hufunguka akikaribia wiki ya tatu. Kuanzia hapo mpaka wiki ya 12, ukichelewa sana ya 14, anaipokea dunia kwa urahisi ambao hautarudi tena. Alichokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho atakiona cha kawaida mpaka uzeeni. Asichokutana nacho atakishuku. Mwaka 1961 huko Marekani, watafiti Freedman, King na Elliot walitoa matokeo ya watoto wa mbwa waliolelewa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakipata chakula bila kuwa karibu na binadamu. Waliwatoa kwa makundi, wengine wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba, tisa, wakae na watu kwa muda. Wale ambao mpaka wiki ya 14 hawakuwa wamekaa na mtu walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwarudisha ilikuwa kazi ngumu isiyo na matumaini. Walikuwa mbwa kama mbwa wengine, damu ile ile, chakula kile kile.

Mkisoma hilo mtaona tatizo letu liko wapi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida mtoto akifikisha miezi mitatu. Za parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita mpaka ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi wiki ya 16. Mtu mwangalifu anasema, nitamtoa nje akishamaliza sindano zote. Akimaliza, mlango umeshafungwa. Na mtu asiyejali anamwachia azurure sokoni na wiki saba zake, anakanyaga kinyesi cha mbwa wengine, na parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Anaharisha damu, siku chache tu ameshakufa.

Njia ninayoitumia ni tenga. Tenga lile lile la kuku, ila limesuguliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, chini limetandikwa gunia. Kijana wangu analifunga kwenye keria ya baiskeli, watoto wawili wawili, na jioni jua likishapoa tunatoka nalo mpaka barabara kuu iendayo Muheza na Segera. Tunakaa mbali kidogo na lami, chini ya mwarobaini. Wanaona malori. Wanaona bodaboda wakiwasha na kuzima, wanafunzi wakitoka shule wamening'iniza mikoba, mama wa vitumbua akipiga jiko lake kwa upawa, mzee mwenye mkongojo, mwanamke wa nikabu, mwanamume wa kanzu, mtu aliyevaa helmeti hivyo kichwa chake hakionekani kama kichwa. Hilo la mwisho huwatisha sana, na mwavuli unapofunguka ghafla. Siku treni ya mizigo ikipita kwenye reli ya Moshi tunaiona nayo. Hawakanyagi chini na hawaguswi na mtu. Wapita njia nawaomba kwa adabu wasiwaguse, na wengi hawana hata hamu ya kuwagusa, kwa hiyo Tanga kwa kazi hii ni mji mzuri kuliko watu wanavyodhani.

Kila kitu kipya kikitokea, natupia dagaa ndani ya tenga.

Dagaa wetu wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi ile ni nyingi kwa mtoto wa mbwa. Nawaloweka, namwaga maji, naloweka tena, halafu nawakausha kwenye ungo. Mmoja namkata vipande, maana zawadi inayotakiwa ni ya kumezwa mara moja, si ya kukaa kutafuna huku somo limesahaulika. Siku nikipata maini nachemsha bila kitunguu na kukatakata. Vitunguu, vitunguu saumu, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa hupasuka ikachoma utumbo, hata kama jirani ameileta kwa moyo mweupe baada ya hitima.

Chakula nakitoa kwa kukidondosha chini au kwa kijiko kirefu cha mbao. Mkono haulambwi, na mbwa tangu mwanzo anajifunza kwamba vitu vizuri huanguka ardhini akiwa ametulia, havipatikani kwa kurukia watu. Wenzangu Wakristo wanaotoa kwa viganja hawakosei, ila hata wao nawashauri njia hii wakiwa na wageni.

Kabla ya chakula kuna mlio. Napiga ulimi kwenye kaakaa, "ko!", halafu chakula kinadondoka. Mlio huo unamwambia mbwa ni kitendo gani hasa kimemletea dagaa. Mkono una kasi ndogo: nikisubiri mpaka nichovye kwenye mfuko, nitoe, nirushe, mtoto ameshanyanyuka, ameshageuka, ameshamkodolea macho kuku, na yeye ataamini dagaa imekuja kwa sababu ya kuku. Malipo yakichelewa zaidi ya sekunde moja au mbili yameshalipa jambo lingine. Mlio unawahi. Ndiyo njia wanayofundishiwa wale panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu: mlio, kisha ndizi, tangu wakiwa na wiki chache. Panya Magawa, mzaliwa wa hapa hapa Tanzania, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Panya! Na bado nakutana na mtu mzima ananiambia mnyama hafundishiki bila fimbo.

Nieleze kisa kimoja kwa ukaribu, ili anayetaka kujaribu aone hatua zenyewe.

Katika uzao wa sasa kuna jike wa rangi ya kungu iliyoiva, jina lake Kungu. Alfajiri keni za maziwa zinapofungwa kwenye baiskeli hugongana, na sauti ile ya alumini ilimfanya ajikunyate, mkia umebana tumboni, masikio yamelala nyuma kabisa. Wenzake walikuwa wanasogea kunusa, yeye alikuwa anajaribu kupenya chini ya mama yake. Sikumbeba kumpeleka kwenye baiskeli. Nilianza na keni tupu imelazwa uani, kimya, na vipande vya dagaa vimetapakaa kuizunguka kwa mbali. Alikula vya mbali, akaacha vya karibu, na sikumsukuma. Alipokuwa anakula mpaka vile vilivyogusa keni, nikahama: kijana akae mwisho wa uwanja, karibu na migomba, agonge kwa ukucha tu. Sauti ndogo, kisha dagaa. Tena sauti, kisha dagaa. Mpangilio huo msiugeuze. Ukitoa chakula kwanza halafu ukagonga, chakula ndicho kitakachokuwa dalili ya balaa, na mbwa ataanza kukiogopa chakula.

Kipimo changu ni mdomo wake. Mtoto mwenye njaa akiona dagaa asiile, ameshaogopa, na mimi nimeshamkaribia mno. Narudi nyuma hatua kadhaa mpaka atakapokula. Zipo dalili nyingine ndogo zinazotangulia: anapiga mwayo bila usingizi, analamba pua yake mwenyewe, anageuza kichwa pembeni lakini macho yanabaki pale pale yameonyesha weupe. Ukiziona hizo huhitaji kungoja alie. Kungu sasa keni zikigongana anainua kichwa na kunitazama mimi, anaulizia kipande chake. Kule kutazama ndiko nilikokuwa nakutafuta. Sauti ya kutisha imekuwa habari njema.

Kwa watu ni vile vile. Namweka mtoto nyuma ya uzio, mtu anapita njiani. Mtoto akimwona, kabla hajabweka wala kuruka, "ko!", dagaa chini. Kichwa kinainama, mtu ameshapita. Baada ya marudio mengi anaanza kukaa chini mwenyewe anapoona mtu, kwa kuwa amegundua kukaa ndiko kunakolipa. Hapo sasa nachagua: akikaa analipwa, akisimama halipwi, akiruka geti hakuna kinachotokea kabisa, hata jicho simpi. Sisemi "shuka" mara kumi. Mbwa anayeruka akikemewa na akasukumwa kwa mikono amepata alichotaka, mikono na maneno.

Kuna mwalimu wa madrasa anayepita kwangu kila Adhuhuri. Siku moja alisimama akawaangalia watoto watano wamekaa mstari nyuma ya wavu, kimya, wananitazama mimi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hawa umewasomea nini?"

Nikamwambia ni dagaa tu, mwalimu, na subira. Akasema hata Qur'ani katika Suratul Maida imewataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, kwamba wanachokamata kwa ajili yetu ni halali, na kwamba tunawafunza katika yale aliyotufunza Mwenyezi Mungu. Alikuwa amewahi kuchepuka kupita njia ya shimoni kwa sababu ya mbwa wa nyumba nyingine. Sasa hupita hapa, na mimi naona hiyo ni shahada kubwa kwa mbwa wangu.

Adhana nayo niitaje, maana ni malalamiko yanayosikika mitaa mingi. Mbwa husikia sauti ndefu inayopanda na kushuka, naye hujibu kwa kulia, kama anavyojibu king'ora au mbwa mwenzake wa mbali. Watu huliwekea maana mbaya, na mbwa wengine wamepigwa mawe kwa ajili hiyo. Kwangu, dakika chache kabla ya wakati natawanya pumba ya mahindi iliyochanganywa na vipande vya dagaa kwenye nyasi. Mbwa anayenusa chini halii. Adhana inaanza, wao wana kazi, adhana inakwisha. Tangu wakiwa wadogo wanajua saa ile ni saa ya kutafuta nyasini, na wakikua inatosha kuwatawanyia siku moja moja.

Kuuma mikono huwasumbua wengi na kuna dawa rahisi. Msimchukue mtoto kabla ya wiki nane. Ndugu zake na mama yake ndio wanaomfundisha kwamba ukiuma kwa nguvu mchezo unakatika. Aliyechukuliwa na wiki tano kwa sababu "anapendeza akiwa mdogo" hakumaliza somo hilo, na familia ndiyo itakayomfundisha kwa ngozi zao. Akiuma, simama, geuka, nyamaza kidogo, kisha rudi mchezoni. Mpe cha kutafuna: mie nafunga mafundo makubwa ya kamba ya katani, na katani Tanga haijatupungukia. Nawaangalia wasimeze nyuzi, na fundo likichakaa nalitupa. Kuanzia umri wa miezi minne meno ya utoto yanaanza kung'oka, na yote 42 ya ukubwani huwa tayari akifika miezi sita au saba, kwa hiyo kipindi hicho viatu viwekeni juu.

Haja: mtoe akiamka, akila, akimaliza kucheza, sehemu ile ile, na akimaliza mlipe hapo hapo. Akikojoa ndani pangusa kwa maji ya siki. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kukuogopa na kwenda kukojoa nyuma ya kabati.

Fimbo sasa. Nimesikia hoja zote, na aliyenilea mie alitumia fimbo kwa mbwa na aliwapenda mbwa wake, simsemi vibaya. Lakini tazameni kinachotokea. Mtoto wa jirani anakaribia, mbwa ananguruma, anapigwa. Mbwa hajui sheria zetu; anachojua ni kwamba mtoto akija, maumivu yanakuja. Mara ya tatu anamchukia mtoto kwelikweli. Na akipigwa kila anaponguruma ataacha kunguruma, watu watasema amefundishika, mpaka siku atakapouma bila kutoa onyo lolote. Mngurumo ni heri. Mngurumo ni mbwa anaomba nafasi. Mpe nafasi, ondoa mtoto, kisha uanze kumfundisha kwa umbali.

Na mbwa anapouma nchi hii, mazungumzo yanahama kutoka kwenye tabia kwenda kwenye uhai. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu, na duniani karibu vifo vyote vya binadamu vya ugonjwa huu, hadi asilimia 99, vimetokana na mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, hapana tena tiba ya kutegemea. Kabla ya dalili anaokolewa: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, asisubiri kuona mbwa atafanya nini. Kuweka majani au mafuta ya taa juu ya jeraha kunapoteza muda. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa unakata mnyororo wake. Zoezi la chanjo likitangazwa na gari la mifugo, mara nyingi karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, utaona mbwa wengi hawafikishwi kwa sababu hakuna anayeweza kuwashika. Banda la mabati limewafanya wasishikike. Watoto wangu nawazoesha kushikwa masikio, kufunguliwa mdomo, kuinuliwa mguu, kufungwa kamba shingoni, kila mguso na kipande chake cha dagaa, na bwana mifugo akija anawachoma sindano wakiwa wanakula kwenye kijiko.

Masharti yangu basi. Njoo na familia yako, wote watakaoishi na huyo mbwa, hasa yule asiyemtaka. Tutakaa uani, watoto watakaa kwenye mkeka mikono magotini, na kijibwa atakayetaka kusogea atasogea. Asiyetaka kumgusa hatamgusa, na mbwa atalipwa kwa kutulia mbele yake. Asifungwe mnyororo kutwa wala kufungiwa bandani. Utapewa kipande cha gunia lenye harufu ya mama yake, umlalie karibu usiku wa kwanza, maana atalia. Utapewa kadi yake na tarehe za sindano zilizobaki, na mfuko wa dagaa zilizokwisha kuloweshwa na kukaushwa. Sichukui pesa ya mbwa. Mama yao tutamfunga kizazi baada ya hawa kuachishwa, kwa hiyo wanaosubiri uzao mwingine wasisubiri. Nitawaelekeza kwa wenzangu wa Kange wanaolea kwa njia hii hii.

Kwa mliokwisha kuchukua: akifika miezi sita mpaka mwaka atabadilika. Ataanza kuwabwekea watu aliowazoea, atajifanya hasikii jina lake. Ni ujana, na wengi hapo ndipo wanapookota fimbo. Rudi barabarani jioni, kaa mbali zaidi ya ulivyokuwa unakaa, ongeza dagaa, punguza maneno. Walio Pongwe nitapita kuwaona. Walio Muheza na Maramba nitumieni video fupi mbwa akiwa getini na mtu anapita. Msimwite wala kumshika wakati mnarekodi, nataka kuona masikio na mkia.